Kinachovunja giaboksi si nguvu farasi
Ukibadilisha injini ya gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, utaambiwa: nguvu farasi zikilingana, giaboksi ya zamani itahimili. Si kweli. Meno ya gia huvunjwa na torki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti. Dizeli yenye turbo yaweza kulingana na petroli kwa nguvu farasi, huku torki yake ikiwa kubwa zaidi, tena kwenye mizunguko ya chini.

Hebu piga hesabu: injini yenye torki ya Nm 300 (newton-mita, kipimo cha torki), gia ya kwanza 4:1, gia nzito (ile ya ziada ya mwendo wa polepole kwenye njia mbaya) 2.5:1. Kila gia huzidisha torki: 300 × 4 × 2.5. Shafti za mbele na nyuma zitagawana Nm 3,000! Ndiyo maana mimi huchagua giaboksi kwanza, halafu nikague difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu) na ekseli. Injini baadaye.