Maana ya usaidizi wa teknolojia ya ufundishaji kwa wahadhiri na wakufunzi

Usaidizi wa teknolojia ya ufundishaji ni kazi ya kudumu ya kumwezesha mhadhiri wa chuo kikuu, au mkufunzi wa chuo cha kati, kuchagua, kuandaa na kutumia vifaa na programu za kidijitali kwa namna itakayowafanya wanafunzi wake waelewe somo vizuri zaidi kuliko ambavyo wangelielewa bila vifaa hivyo. Kazi hiyo haina mwisho kwa sababu mitaala hubadilika, wanafunzi wapya huingia kila mwaka na programu husasishwa kila mara. Kipimo chake ni uelewa wa mwanafunzi, hata kama ripoti nyingi huishia kutaja idadi ya kompyuta na projekta zilizonunuliwa.

Watu wengi huichanganya kazi hii na ile ya fundi wa TEHAMA. Fundi hurudisha mtandao unapokatika, humfungulia mhadhiri akaunti iliyojifunga na kuhakikisha projekta inawaka, na bila yeye hakuna kinachofanyika. Hata hivyo, projekta ikishawaka, swali la nini kioneshwe, kwa muda gani, na mwanafunzi afanye nini wakati anakitazama, ni swali la ufundishaji, na ndipo usaidizi tunaouzungumzia unapoanzia. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa pekee wa namna ya kufundisha somo lake mahususi, ambao ni zaidi ya kulijua somo na zaidi ya kujua mbinu za jumla za ualimu. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia katika hoja hiyo, wakionesha kuwa maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia yanapaswa kukutana ndani ya mwalimu mmoja. Kwa mtazamo huo, mafunzo ya programu yanayotolewa kwa namna ileile kwa mhadhiri wa sheria, wa uuguzi na wa uhasibu huwaachia wote watatu sehemu ngumu zaidi ya kazi waimalize wenyewe.

Mwanza ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa kuwa vyuo vyake vinatofautiana sana. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Malimbe, chuo kikuu cha sayansi za afya kipo kwenye kilima cha Bugando pamoja na hospitali ya rufaa, chuo cha ualimu kipo Butimba, kampasi ya mafunzo ya uvuvi ipo Nyegezi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kufundisha kwa masafa, kina kituo chake mkoani. Mhadhiri anayefundisha ukumbi uliojaa wanafunzi wa sayansi za jamii, daktari anayefundisha anatomia na mkufunzi anayefundisha ubora wa samaki hawawezi kusaidiwa kwa semina moja.

Tumchukue huyo wa samaki kama mfano. Tuseme anataka kurekodi kipindi chake cha nusu saa kuhusu dalili za sangara aliyeharibika na kukiweka mtandaoni, na anamwendea mtaalamu wa chuo ili amsaidie kurekodi. Mtaalamu aliyeiva hakimbilii kamera. Humwuliza kwanza wanafunzi wanakwama wapi, na jibu analopata ni kwamba dalili wanazikariri vizuri, yaani macho kufifia na kuzama, mashavu kupoteza wekundu, nyama kulegea na kutorudi inapobonyezwa, lakini wakifika mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wakapewa samaki watatu, hawajui yupi ametolewa majini asubuhi na yupi amelala bila barafu. Tatizo lao ni jicho lisilozoea, na mhadhara uliorekodiwa ungewarudishia maneno waliyokwisha kuyakariri. Tena ungekuwa mzito, kwa sababu dakika moja ya video ya simu janja huweza kufikia megabaiti 60, na nusu saa ikakaribia gigabaiti mbili ambazo mwanafunzi atazilipia kwa bando lake mwenyewe.

Wanachokubaliana ni kumpiga picha sangara mmoja kila baada ya saa moja, mara kumi, mahali palepale penye mwanga uleule, akiwa amelazwa juu ya karatasi nyeupe ili rangi ya mashavu isidanganywe na meza. Picha hupunguzwa hadi kilobaiti 200 hivi kila moja, kwa hiyo zote kumi hazizidi megabaiti mbili, kisha hupakiwa bila mpangilio kwenye Moodle, ile programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kuendeshea kozi. Mwanafunzi huzipanga kuanzia samaki mbichi zaidi hadi aliyeharibika zaidi, huandika sababu yake kwa kila hatua, na darasani mkufunzi huanzia kwenye picha zile mbili ambazo wengi wamezikosea. Baada ya hapo wanakwenda mwaloni, kwa kuwa ugumu wa nyama na harufu haviwezi kupigwa picha. Mkufunzi ndiye aliyejua ni dalili gani ina uzito, mtaalamu ndiye aliyejua mambo ya mwanga, ukubwa wa faili na aina ya swali, na kozi ilipata kitu ambacho hakuna kati yao angekitengeneza peke yake.

Hesabu ile ya bando inastahili kuzingatiwa kuliko inavyozingatiwa kwa kawaida. Intaneti ya kasi ilipata njia mpya ya kuingia nchini mwaka 2009, mkongo wa SEACOM, yaani kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ulipofika Dar es Salaam, lakini kwa mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo, gharama ya kila siku bado inatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mshauri mzuri humfundisha mhadhiri kufikiria uzito wa kila anachopakia. Maelezo ya sauti ya dakika kumi, yakirekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde, hayafiki megabaiti mbili na nusu, na kwa masomo mengi yanatosha kabisa yakiambatana na slaidi chache.

Kwa sababu hiyohiyo WhatsApp imekuwa darasa la pili katika vyuo vyetu. Mhadhiri humtumia kiongozi wa darasa maelezo, naye huyasambaza kwenye kundi. Sioni sababu ya kuudharau utaratibu huo, maana unawafikia karibu wote na hakuna aliyehitaji kufundishwa kuutumia. Ila maelezo ya wiki ya tatu huzama chini ya salamu na matangazo, na wapo wanaotuma humo orodha ya alama yenye majina ya darasa zima. Alama za mwanafunzi ni taarifa zake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hapa usaidizi unamaanisha kumwonesha mhadhiri kwamba kundi linafaa kwa taarifa za haraka na maswali, wakati maelezo, kazi na alama vinahitaji mahali ambapo kila mwanafunzi anaingia kwa nenosiri lake na kuona vya kwake tu.

Kuhusu namna ya kuutoa usaidizi huo, semina ya siku moja ina nafasi ndogo sana. Inafaa kutangaza kwamba kitu fulani kipo. Ujuzi hujengeka mtu anapoketi na kozi yake mwenyewe, pamoja na msaidizi, wiki kadhaa kabla ya muhula, na kupata mtu wa kumwendea kosa la kwanza linapojitokeza wiki ya pili. Hapo heshima ni sehemu ya kazi. Mhadhiri mwandamizi aliyefundisha kwa miaka mingi hapendi kubabaika na kompyuta mbele ya wanafunzi wake, wala mbele ya wenzake aliowafundisha yeye mwenyewe. Kijana wa kitengo cha usaidizi anayeingia ofisini kwake akasema, "Shikamoo Dokta, nimekuja tuiangalie ile kozi yako," akaketi kando yake na kumwachia kipanya mkononi, atafanikisha mengi kuliko yule anayekinyakua na kumaliza kila kitu kwa dakika mbili, kwa kuwa wa pili ataitwa tena kesho kwa tatizo lilelile.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni muda. Zoezi lile la picha kumi lingemchukua mkufunzi siku nzima ya kupiga picha, na muda mwingine wa kuandika maswali, ilhali katika hesabu ya mzigo wa kazi atahesabiwa saa za kipindi peke yake. Chuo kinachomtaka mhadhiri aandae kozi ya mtandaoni bila kumpunguzia vipindi au kuitambua kazi hiyo anapoomba kupandishwa cheo kinamwomba msaada binafsi, hata kama kimemnunulia kompyuta mpya. Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi vilipofunguliwa Juni 1, ilidhihirika kwamba kozi ambayo haijaandaliwa mapema haiwezi kuhamishiwa mtandaoni kwa haraka ya dharura. Mkuu wa idara anayepanga ratiba ana nafasi kubwa katika usaidizi huu kuliko anavyodhani.

Mahitaji yenyewe pia yanahama. Tangu kampuni ya OpenAI ilipotoa ChatGPT, programu ya akili unde inayoweza kuandika maandishi ikiombwa, Novemba 2022, wahadhiri wengi wanaomba kwanza programu ya kuwakamata wanafunzi walioandikiwa kazi na akili unde. Mshauri mwaminifu atawaambia kuwa programu hizo hukosea na zinaweza kumtuhumu asiye na hatia. OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya kutambua maandishi ya akili unde Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Msaada wa kweli ni kuibadili kazi, kwa mfano kumtaka mwanafunzi atumie bei alizozikusanya mwenyewe sokoni Kirumba, awasilishe rasimu kwa hatua, kisha aitetee kwa mdomo kwa dakika tano. Kwa darasa la mamia utetezi wa mdomo kwa kila mmoja hauwezekani, na hapo mshauri na mhadhiri hulazimika kutafuta njia nyingine, kama vile kuandika sehemu ya kazi papo hapo darasani.

Kwa chuo kinachotaka kujua kama usaidizi wake unafanya kazi, orodha ya waliohudhuria mafunzo haitasema mengi. Kumbukumbu yenye manufaa zaidi ni ya maswali ambayo wahadhiri wanaleta. Mwanzoni huwa ya nenosiri na namna ya kupakia faili. Idara ikianza kuleta maswali ya aina nyingine, mathalani kwa nini nusu ya darasa ilikosea swali la nne la jaribio na lingeulizwaje tofauti, kitengo kitakuwa na sababu ya kuomba ajira ya mtu wa pili, na kitakuwa na karatasi ya kuithibitisha.