Meno Mazima Hayalegei Bure

Wiki iliyopita nimeletewa jino tena hapa maabara ya patholojia, ninakochunguza vinyama vya wagonjwa kwa darubini. Gego la mtoto limetumbukizwa kwenye kichupa cha dawa pamoja na kinyama cha ukubwa wa harage, na kwenye fomu imeandikwa: "jipu la jino, limeng'olewa." Nililigeuza kwa koleo chini ya taa. Jeupe pande zote, halina tundu hata moja. Mtoto ana miaka 5, na hilo lilikuwa la tatu kung'olewa mwezi huo, kwa sababu yalikuwa yanacheza na shavu limevimba.

Naandika haya kwa kuwa kauli ya "hayo ni mambo ya meno tu" imenifika shingoni. Wazazi wakiisema siwalaumu. Inaniuma ikitoka kwa madaktari wenzangu. Mtoto analazwa, anapimwa mapafu, anapapaswa tumbo, anaangaliwa macho kama ana upungufu wa damu. Ikifika zamu ya mdomo, anaandikiwa aende kliniki ya meno. Kana kwamba damu inayopita kwenye ufizi si ile ile inayopita kwenye ini.

Kinyama kile nilikiweka kwenye darubini. Seli za buluu nzito zimebanana, na kati yake zimetawanyika seli kubwa zilizopauka, zinazokula mabaki ya zilizokufa. Kwa lenzi ndogo ni kama anga la usiku lenye nyota. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga.

Ugonjwa huu ulianza kueleweka hapa hapa kwetu. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino haliendi pande nne. Muda mfupi baadaye, Jinja, akakutana na mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe huko pia. Mwaka 1958 akachapisha alichokiona. Sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London ndizo zilizowawezesha Epstein, Achong na Barr kutangaza mwaka 1964 kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Yote hayo yalianza na daktari aliyekataa kuyatenga mataya ya mtoto na tumbo lake.

Magonjwa mengine yanayojionyesha mdomoni nayataja haraka, mnayajua. Madoa meupe ndani ya shavu hutangulia vipele vya surua. Utando wa fangasi kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kushusha kinga, mpime VVU. Doa la zambarau kwenye kaakaa, fikiria saratani ya Kaposi. Fizi zilizovimba ghafla na kuvuja damu, agiza kipimo cha chembe zote za damu kabla hujagusa jino, isije ikawa lukemia, yaani saratani ya damu. Fizi zilizoota na kufunika meno, uliza kwanza kama anatumia fenitoini, dawa ya kifafa, au nifedipini, dawa ya shinikizo la damu.

Kinachotupoteza zaidi ni mtoto mwenye vyote viwili, jino bovu na limfoma. Tumefundishwa kwamba jipu lina jino bovu, maumivu, homa na usaha, na kwamba limfoma huvimba bila maumivu makubwa huku meno mazima yakilegea. Ni kweli. Lakini watoto wetu wengi wana meno yaliyotoboka, na mwenye tundu kwenye gego hana kinga dhidi ya limfoma. Unaona tundu, unaridhika, unang'oa, unampa antibayotiki. Akipata nafuu kidogo unaridhika zaidi, kumbe kilichopungua ni maambukizi yaliyokuwa juu ya uvimbe. Seli hizi zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. "Rudi baada ya wiki mbili" ni muda mrefu mno kwa mtoto huyu. Jiulize tundu lile linaeleza kila unachokiona? Jino la jirani linalegea kwa nini? Upande wa pili je? Umepapasa tumbo?

Na tafadhali, tuache kuwaambia watu kwamba uvimbe ukiguswa na kisu utasambaa. Bila kinyama hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna kemotherapi, yaani dawa za saratani. Huu ni ugonjwa unaotibika, na watoto wengi hupona wakiwahi.

Na mimi sina uhakika kila mara. Kinyama kikibanwa na koleo, seli zinavurugika, nabaki naangalia michirizi ya buluu. Anga la nyota linaonekana kwenye limfoma nyingine pia, na rangi maalumu za kutofautisha hazipo kila siku maabara. Zaidi ya mara moja nimepiga simu wadini kabla ya kuandika majibu, nikasema: "Nadhani ni Burkitt, anzeni kumpa maji, linda figo, msisubiri karatasi." Uvimbe huu ukianza kufa kwa dawa, mabaki yake huziba figo. Simu hizo hunikosesha usingizi, kwa sababu nimemwambia mtu "nadhani" juu ya mtoto wa mtu.

Kwa hiyo mkinitumia kinyama, kiwekeni kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, ya asilimia 10, si maji wala spiriti, na fomalini iwe nyingi kuliko kinyama, mara 10 hivi. Andikeni umri, uvimbe umeanza lini, meno yapi yanalegea, tumbo likoje. Ambatisheni picha ya eksirei kama ipo. Na chini ya fomu wekeni namba ya simu ya mtu aliye wadini usiku.