Gram hasi siyo kitambulisho cha bakteria

Jamani nimechoka. Wiki hii tena mwanafunzi kanitumia picha ya slaidi, sampuli kaichota mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo, yale maji ya pinki, chini kaandika "Gram hasi, kwa hiyo bakteria". Hapana!

Rangi ya Gram, njia ya kupaka seli rangi ili uzione kwenye hadubini, inakwambia kitu kimoja tu, kwamba ulipomwaga spiriti seli imeshikilia kristali vayoleti, ile rangi ya zambarau ya kwanza, au imeiachia. Basi. Bakteria wa Gram hasi wanaiachia kwa sababu peptidoglaikani yao, kitu kinachojenga ukuta wa seli, ni nyembamba, sawa, lakini kwenye chumvi kali namna ile wengi ni haloakea, yaani akea wapenda chumvi, vijidudu vya seli moja ambavyo siyo bakteria, na hao peptidoglaikani HAWANA kabisa, nje wana tabaka la protini zilizoshikana na sukari, sasa vayoleti itazuiwa na nini? Safranini, rangi ya mwisho, ikija inawapaka pinki wote, bakteria na wasio bakteria. Penisilini nayo inapiga ujenzi wa peptidoglaikani, hapo haina cha kupiga.

Na seli umezifiksi, yaani umezigandisha kwenye slaidi, kwa kutumia nini? Kama hukutumia asidi ya asetiki ya asilimia 2, njia ya Dussault ya 1955, ukisuuza kwa maji yasiyo na chumvi vijiti, yaani seli zenyewe, vinavimba, vinakuwa duara, vinapasuka, unabaki unasoma makamasi.

Kemia inayotenganisha iko kwenye mafuta ya utando. Bakteria asidi zao za mafuta zimefungwa kwenye gliseroli kwa esta (aina moja ya kiungo cha kemikali), akea wana minyororo ya isoprini iliyofungwa kwa etha (kiungo cha aina nyingine), tena kwenye upande mwingine wa gliseroli. Chemsha na alkali: esta zinakatika, etha zinabaki. Woese na Fox waliwatenga akea mwaka 1977 kwa RNA ya ribosomu, sehemu ya mashine ya seli inayotengeneza protini, na mafuta yakaja kukubaliana nao.

Ila vitabu vinapita haraka hapa, mpaka huo wa esta na etha unavuja. Thermotoga ni bakteria kabisa na ana mafuta ya etha, kwa hiyo etha peke yake hainishawishi. Hata wekundu hausaidii, maana Salinibacter ruber, aliyetangazwa 2002, ni bakteria, mwekundu, anataka chumvi kali vilevile, na anaishi bwawa moja na haloakea. Ndio maana mimi alkali na RNA nazifanya pamoja, na zikipingana naandika "haijajulikana" nachota sampuli upya.