Nembo kifuani si mfuko uliojaa

"Timu ya raga ikivaa nembo ya kampuni, wachezaji wameshiba, wakidai posho ni tamaa tu." Ujumbe huu huzungushwa kwenye magrupu ya Kampala na Jinja. Si kweli, tafadhali usiutume tena.

Udhamini mwingi si fedha taslimu: huja kama jezi, maji au basi la kwenda ugenini. Hata fedha zikitolewa, mara nyingi huja kwa awamu, na kiasi kinachotangazwa huweza kuwa cha miaka kadhaa. Na fedha hizo hugawanywa kwa wengi: kikosi cha mechi ni watu 23, bado matibabu (na raga haikosi majeraha). Tunachanganyikiwa kwa kuzoea kuona kwenye televisheni raga ya Ufaransa, ambako wachezaji wa ligi kuu hulipwa mishahara.

Ukitaka kuhakiki, muulize mweka hazina wa klabu: mkataba ni wa muda gani, na taslimu ni shilingi ngapi?