Mtoto anayesubiri ruhusa

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa katika shule moja ya bweni ya wasichana, nikifanya mahojiano ya utafiti wangu kuhusu usalama wa wanafunzi. Nilimuuliza binti wa kidato cha pili: moto ukizuka bwenini usiku, utafanya nini? Akajibu kama anayesoma ubaoni. Atapiga kelele kuwaamsha wenzake, atainama ili asivute moshi, atatoka kwa utaratibu hadi sehemu ya kukusanyikia. Ingekuwa mtihani, ningempa alama zote. Kisha nikamuuliza mlango wa bweni unafungwaje usiku. Kwa kufuli, kwa nje, na ufunguo anakaa nao matroni. Na matroni asipokuja? Akaangalia kucha zake kidogo.

"Tutamsubiri, madam."

Neno hilo halijanitoka kichwani. Katika fani yetu tumezoea kupima uelewa. Tunaandaa dodoso, mwanafunzi anaweka vema, tunajumlisha, tunaandika kwamba uelewa wa majanga shuleni ni wa juu au wa chini. Dodoso haliulizi kama mtoto anayejua la kufanya ameruhusiwa kulifanya.

Japani wana mfano ambao huwa naurudia kila ninapoongea na walimu. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Katika eneo la Unosumai, mji wa Kamaishi, kulikuwa na shule ya msingi na ya sekondari jirani, na ramani ya hatari ilionyesha kwamba tsunami haizifikii. Umeme ulikatika, vipaza sauti vikanyamaza. Wanafunzi wa sekondari hawakungoja tangazo, wakakimbilia mlimani. Wadogo wa shule ya msingi walikuwa wamepelekwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wao wanakimbia, wakashuka wakawafuata. Walipofika mahali palipotengwa kwa dharura, wakaona mwamba wa nyuma yake umeporomoka. Hapa hapatufai, wakasema, wakapanda tena, kisha tena. Nyuma yao maji yakazimeza shule zote mbili. Mji ule ulikuwa na wanafunzi karibu 3,000 wa msingi na sekondari, na isipokuwa wachache sana, wote walipona.

Profesa Toshitaka Katada, mtaalamu wa kujikinga na majanga, alikuwa amewafundisha watoto wa Kamaishi kwa miaka kadhaa kanuni tatu: usiitegemee ramani, fanya kila uwezalo kwa hali uliyonayo, na uwe wa kwanza kukimbia. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kwetu. Mtoto wa kwetu akitoka mbio kabla mwalimu hajasema, anaitwa mkorofi, na anajua kitakachofuata.

Siku hiyohiyo, kusini zaidi katika mji wa Ishinomaki, wanafunzi wa Shule ya Msingi Okawa walibakizwa uwanjani kwa takriban dakika 50 huku walimu wakijadiliana waende wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Walikufa wanafunzi 74 na walimu 10. Siwalaumu walimu wale, maana walikufa pamoja na watoto. Mahakama iliona kosa lilianza mapema zaidi, kwa mamlaka kutoandaa mpango wa uokoaji unaofaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliiacha hukumu hiyo isimame.

Huku kwetu Afrika Mashariki adui wa bweni ni moto. Nchini Kenya shule mbili zinakumbukwa kwa waliokufa. Bombolulu, Kwale, mwaka 1998: wasichana 26. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001: wavulana 67. Kote kuwili palikuwa na nondo madirishani na mlango uliofungwa. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unasema wazi: mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango ifungukie nje, mlango wa dharura uwepo katikati, madirisha yasiwe na nondo, na bweni lisifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Yameandikwa vizuri, na sina la kuongeza.

Mkuu wa shule niliyoitembelea, mama msikivu sana, alikubali tufanye zoezi bila kuwatangazia wanafunzi. Tukaacha mlango bila kufuli. Saa tatu na nusu usiku mlinzi akagonga lile rimu la gari linaloning'inia mwembeni. Nilisimama nje na saa mkononi. Nikasikia minong'ono, nikasikia vitanda vya deka vinalia, lakini mlango haukufunguka. Mwishowe kiranja wa bweni akaja dirishani, akashika nondo, akaniuliza: "Madam, tutoke?"

Nikitoka hapo kwenda kwenye simu sibadilishi mada. Katika shule ileile simu ni marufuku, kama zilivyo shule zetu nyingi. Msichana mmoja alinieleza kwamba wakati wa likizo picha yake ilichezewa, ikazungushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Hakumwambia mwalimu, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba grupu lipo na yeye yumo. Hakumwambia mama, kwa sababu simu ingechukuliwa. Watafiti wa nchi nyingi wameukuta woga huohuo: mtoto anaficha kuonewa ili asipokonywe simu.

Dan Olweus wa Norwei, aliyeanza kuuchunguza uonevu shuleni miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na mmoja kumzidi mwenzake nguvu. Mtandaoni kurudia kunafanywa na wengine. Aliyeanza anatuma mara moja, darasa zima linasambaza. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Christina Salmivalli wa Finlandi, ambaye tangu 1996 ametuelekeza tuwatazame wanaoshuhudia: wanaosaidia, wanaoshangilia, wanaokaa pembeni, wanaotetea. Msichana yule aliniambia wapo rafiki zake wawili waliotaka kuandika "futeni". Hawakuandika. Nao walikuwa wanamsubiri mtu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, na namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure. Lakini mtoto wa bwenini ataipiga kwa simu ipi?

Jumamosi iliyopita nilirudi. Kufuli limeondolewa, komeo liko ndani, na fundi alikuwa anachomelea bawaba kwenye nondo za madirisha mawili ili zifunguke. Suala la simu ndilo lililotuweka ofisini hadi jioni. Nilipendekeza kwamba anayekuja kueleza kuonewa mtandaoni asiadhibiwe kwa kuwa alitumia simu. Mwalimu wa nidhamu akasema hapo tutakuwa tumeruhusu simu. Nikamwambia simu ibaki marufuku, tunachoruhusu ni kusema. Hakukubali, na hoja zake nyingine zina uzito. Tumepanga kukutana tena mwezi ujao, na safari hii nimeomba viranja nao wakae mezani.