Hewa ukaa ya safari: nini maana yake, na mtaa unaiamuaje

Hewa ukaa ya safari ni jumla ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye mabomba ya moshi ya vyombo vya moto pale watu wa mji wanapokwenda na kurudi: kazini, sokoni, skuli, hospitali. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Wengi hushangaa, kwa sababu lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Jawabu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta, ikiungua, hushikana na oksijeni ya hewani: kila gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni. Dizeli hutoa zaidi kidogo, kilo 2.7 kwa lita.

Hesabu ya mji mzima haina ugumu. Chukua idadi ya safari za watu, zidisha kwa urefu wa safari, zidisha kwa mafuta yanayochomwa kila kilomita na kwa hewa ukaa ya kila lita, kisha gawa kwa watu waliomo ndani ya chombo. Watu wakizungumzia uchafuzi hukimbilia chombo: gari bovu, moshi mweusi, injini iliyochoka. Urefu wa safari husahaulika, na huo aliuamua aliyekata viwanja, miaka mingi kabla ya gari kununuliwa.

Tuanzie Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chini duka, juu watu wanalala. Msikiti uko mwisho wa chochoro, na marikiti ya Darajani iko pembeni tu. Vichochoro vingi ni vyembamba mno hata gari haliingii, na wembamba huo una kazi nyingine: kuta ndefu za mawe na chokaa hutupa kivuli njiani. Saa saba mchana mtu mzima anatembea bila kuungua, akichoka kuna baraza ya kukaa. Kivuli si pambo. Katika nchi yetu ya joto, mita 400 za kivulini ni mwendo wa dakika tano. Mita hizo hizo juani, kwenye lami tupu, mtu anaita bodaboda. Kupanda miti njiani, basi, kunapunguza mafuta yanayochomwa, ingawa hakuna anayeihesabu kazi hiyo hivyo.

Sasa toka nje ya mji. Mwaka 2012 Zanzibar ilihesabu watu 1,303,569. Mwaka 2022 wakafika 1,889,773. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejazana Mjini Magharibi, kwenye nyumba za chini zilizojengwa mbali na mbali zaidi na katikati ya mji. Mashamba mengi, zikiwemo eka tatu tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, yamekatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja. Kila mnunuzi hujenga ukuta kwenye mpaka wake, na njia hubaki pale tu muuzaji alipokumbuka kuiacha. Matokeo yake utayaona kwa macho: nyumba iko mita 300 kutoka barabara ya daladala, lakini ukuta, uchochoro usiotokea na bonde la maji vinamzungusha mtu kilomita nzima.

Kipimo chake ni chepesi. Gawa umbali wa kutembea kwa umbali wa moja kwa moja. Ikija 1.2 au 1.3, mtaa unapitika. Ikifika 2, watu wameshaacha kutembea. Ikipita 3, kama kwenye mfano huo, hata daladala imepoteza wateja, kwani hakuna anayetembea robo saa na mizigo ili tu afike kituoni. Abiria wakipungua, gari inakaa muda mrefu ikisubiri kujaa, utingo anaita hadi sauti inakauka, na waliokuwa wakisubiri wanapanda boda.

Hapa inafaa kusahihisha jambo linalorudiwa sana, kwamba msongamano wa nyumba peke yake ndio dawa. Mwaka 1989 Peter Newman na Jeffrey Kenworthy wa Australia walilinganisha miji 32 ya dunia na kuonyesha kuwa miji iliyobanana hutumia petroli kidogo kwa kila mtu. Ni kweli, ila kipato na bei ya mafuta navyo vimo humo. Reid Ewing na Robert Cervero walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2010, nyingi zikiwa za Marekani, msongamano wenyewe ulionekana dhaifu: ukiongezeka kwa asilimia 10, kilomita za gari hupungua kwa chini ya nusu asilimia. Umbali wa kufika katikati ya mji ndio uliokuwa na nguvu: ukipungua kwa asilimia 10, kilomita za gari hupungua kwa karibu asilimia 2. Kwa maneno mengine, ghorofa zilizorundikwa mbali, bila skuli wala soko, ni mahali pa kulala tu. Majumba marefu ya Michenzani yana faida ambayo ghorofa nzuri zaidi ya pembezoni haina: mtu akishuka ngazi, Darajani anafika kwa miguu.

Tabia nazo zina uzito wake. Gari dogo linalokula lita 10 kwa kilomita 100 hutoa gramu 230 kila kilomita, hata likiwa na mtu mmoja. Daladala ya dizeli inayokula lita 12 hutoa gramu 324, lakini ikiwa na watu 16 kila mmoja anabeba 20 tu. Bodaboda ya lita 2.5 ni gramu 58, na ikirudi tupu kijiweni inakaribia 115 kwa abiria yule yule. Mzigo mwingine umejificha kwenye safari ya skuli. Skuli iko kilomita 2. Mzazi anampeleka mtoto kwa gari na kurudi nyumbani, mchana anamfuata tena. Hizo ni kilomita 8 kwa siku, na nusu yake mtoto hayumo garini. Kwa siku 190 za masomo ni lita 152, yaani kilo 350 za hewa ukaa kwa mtoto mmoja. Ukimuuliza mzazi, hakwambii kwamba anapenda kuendesha. Atakwambia barabara haina pa kupita mtoto, na madereva hawasimami kwenye kivuko.

Kwa hiyo anayekata viwanja leo aanze na njia, nyumba zifuate. Aache njia ya miguu ya mita 2 au 3 kila baada ya viwanja vichache, itokee barabara ya daladala, na atenge kiwanja cha skuli na cha maduka kabla ardhi haijapanda bei. Njia hiyo iwe juu kuliko mtaro, na mtaro ufunikwe. Bila hivyo, masika ya kwanza maji yatakaa njiani, watu watazoea boda kwa wiki kadhaa, na mvua ikikatika wengi wao hawatarudi kutembea.