Mlimani, figo hutangulia uboho

Anayeniuliza jinsi mwili unavyoizoea hewa nyepesi ya mlimani mara nyingi huja na jibu lake mkononi: damu inaongezeka. Si uongo, ila jibu hilo linaruka kazi nzito inayofanyika kabla ya hapo. Fani yangu ni fiziolojia ya upumuaji, kwa hiyo mimi huanzia kwenye mapafu na figo.

Kwanza, oksijeni haipungui kwa asilimia. Ni karibu 21 ya hewa yote ufukweni, na ni karibu 21 kileleni Everest. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa. Kwenye usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki. Kwenye mita 5,500 imebaki kama nusu. Everest, theluthi tu. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo, na msukumo wa kuipenyeza kutoka kwenye vifuko vya mapafu hadi damuni unakuwa dhaifu.

Wa kwanza kushtuka ni viungo viwili vidogo mno vilivyo shingoni, kila upande kimoja, pale mshipa mkubwa wa kupeleka damu kichwani unapogawanyika. Mbelgiji Corneille Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha mchango wa vihisi vya aina hiyo katika upumuaji. Oksijeni ya damu ikishuka, viungo hivyo huuarifu ubongo, na papo hapo unaanza kupumua zaidi. Moyo nao unaongeza mapigo.

Hapo ndipo mwili unapojigonga wenyewe. Ukipumua sana unatoa kabonidayoksaidi nyingi, na gesi hiyo ndiyo inayoipa damu sehemu ya asidi yake. Ikipungua, damu inaelekea upande wa alkali, na vihisi vingine, vya ubongoni, vinaamuru upumuaji upunguzwe. Ni dereva aliyekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Usiku mvutano huo husikika kabisa: aliyelala anahema haraka haraka, ananyamaza sekunde kadhaa bila pumzi hata moja, kisha anavuta hewa kwa nguvu. Mwenzake wa hemani hudhani anakata roho. Kwa mgeni wa mwinuko ni jambo la kawaida.

Anayeachia breki ni figo. Anamwaga bikaboneti, kemikali ya upande wa alkali, kwenye mkojo, damu inarudi karibu na hali yake, na upumuaji unapata nafasi ya kupanda tena. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, na haiharakishwi kwa ushupavu wala kwa misuli. Mwanariadha hodari anaweza kuugua mlimani kama mtu yeyote. Kidonge cha asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani, hufanya kazi pale pale kwenye figo, kikizilazimisha kutoa bikaboneti mapema. Ushauri wa kupanda polepole nao unaheshimu ratiba hiyo hiyo: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Mchana unaweza kwenda juu zaidi, mradi urudi chini kulala.

Na damu je? Siku za mwanzo kipimo cha himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hupanda kweli, na watu hufurahi. Lakini kilichotokea ni kwamba maji ya damu yamepungua, mengine yametoka kwa mkojo; chembe nyekundu ni zile zile, zimesongamana tu. Chembe mpya zina njia ndefu zaidi. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF, ambayo oksijeni ikiwapo ya kutosha huvunjwa mara tu inapotengenezwa. Oksijeni ikikosekana, inasalimika na kuamsha jeni kadhaa, ikiwemo ya erithropoietini, homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Kwa kuufichua mfumo huo William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobel ya mwaka 2019. Erithropoietini hutoka hasa kwenye figo (ndiyo, figo tena) na hupanda ndani ya saa chache, ila uboho unahitaji wiki kadhaa kutoa mazao ya kuonekana.

Wala damu nyingi si heri tupu. Ikizidi inakuwa nzito, na moyo unaisukuma kwa taabu. Mwaka 1925 daktari Carlos Monge Medrano wa Peru alieleza maradhi ya wakazi wa kudumu wa milima ya Andes ambao chembe zao nyekundu zilikuwa zimepita kiasi.

Watibeti wamekwenda njia nyingine. Wengi wanaoishi karibu na mita 4,000 wana himoglobini isiyotofautiana sana na ya watu wa usawa wa bahari. Wanapumua zaidi kuliko wenyeji wa Andes, na wengi wao wana umbo maalumu la jeni EPAS1, inayohusika na kutengeneza aina mojawapo ya HIF. Umbo hilo linauzuia uboho usiitikie kupita kiasi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kipande hicho cha jeni kilitoka kwa Wadenisova, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, kwa njia ya kuzaana na mababu wa watu wa leo.